Doa Katika Rekodi ya Anga

Mlango wa chuma ulijibamiza nyuma ya Sindano.

Aligeuka, bastola ya Glock mkononi. Upande wa ndani hapakuwa na kitasa.

Amenaswa! Yeye, jasusi wa kike aliyewatoroka magaidi mara mbili, amenaswa kwenye chumba cha kompyuta kama panya ndani ya debe.

"Wewe ndiye msaada?" sauti ya uchovu iliuliza. Profesa, mtunza rekodi wa kituo kile cha setilaiti, alikuwa ameketi sakafuni, uso umevimba kwa kipigo. "Basi tumekwisha."

"Shikamoo, mzee. Tukiisha nitakuambia."

"Marahaba, mwanangu."

Sindano akabonyeza redio. "Sindano kwa Makao. Makao, mnanipata?"

Mkwaruzo tu. Kuta zile hazikupitisha hata neno.

Kipaza sauti cha ukutani kikakohoa. Alikuwa Mkurugenzi wa kituo, mume wa dada yake Profesa.

"Shemeji, pole sana. Rekodi itaanza kufutwa muda si mrefu. Nimefungulia na gesi ya kuzimia moto. Itawamalizia hewa polepole, hamtasikia maumivu."

"Wewe wa kunifanyia hivi? Mimi niliyekupa dada yangu!"

Gesi ilianza kufoka darini.

Sindano alifyatua risasi kwenye bawaba. Ikadunda, ikampita sikioni. Alaa! Akaacha ujinga huo.

Kampuni ya kigeni, iliyomhonga Mkurugenzi, ilikuwa ikirusha salfa kwa maputo, kisirisiri, hadi tabaka la juu la anga ili kufifisha jua. Mvua zimeshaanza kuyumba. Leo mawaziri walikuwa wasaini mkataba wa kuipa kampuni anga nzima. Ushahidi ulikuwa mmoja tu: miaka arobaini ya setilaiti kupima vumbi la huko juu, namna linavyotanda volkano ikilipuka na namna linavyosafika tena. Vumbi la sasa, la salfa hiyo, halikuwa na volkano yoyote.

"Nakala nyingine ziko wapi, mzee?"

"Nzima ni hii tu. Wenzetu wa nje hupokea muhtasari."

"Hawawezi kuivuta yote?"

Profesa alisita. "Tukituma kipimo chenye kosa, mitambo yao huvuta rekodi nzima kuikagua. Ndiyo kanuni. Lakini mimi sijawahi kutuma kosa. Kamwe!"

"Basi kosea."

"Unasemaje?"

"Kosea, mzee!"

Alijikokota hadi kwenye kibodi ya mafundi. Machozi yalimtoka waziwazi. Kazi aliyoianza hana hata mvi, leo aitie doa kwa mkono wake! Akaandika vumbi mara mia ya kawaida juu ya ncha ya dunia, kana kwamba milima yote imelipuka asubuhi ile.

Akabonyeza.

Taa za laini ya nje zikawaka. Moja. Tatu. Zote.

Mkurugenzi, kwa pupa yake, alikuwa hajazima kipaza sauti. Simu zake zilisikika zikilia kwa pamoja.

"Haloo? Nani? Hakuna volkano! Msivute chochote! Jamani, msivute!"

Kukata laini kulihitaji mtu aingie mle ndani. Sindano alijua. Alilala kando ya mlango, mapafu yakiwaka moto, akiogopa kweli kweli.

Mlango ukafunguka. Mkurugenzi ndani ya barakoa ya gesi, bastola mbele. Sindano alimfyeka miguu, akamkalia mgongoni, akamtia pingu.

Hewa! Aliivuta kwa pupa kama mtoto anayenyonya.

Redio ikafufuka. "Makao kwa Sindano. Hali?"

"Rekodi imefika vituo vyote. Wapelekeeni mawaziri waisome kabla ya kushika kalamu."

"Na Mkurugenzi?"

"Nimemkalia."

"Shemeji," Mkurugenzi alilia sakafuni, "niombee msamaha kwa dada yako."

Profesa hakumtazama. Alijikokota nje, akainua simu iliyokuwa ikilia ukumbini. Mwenzake wa ng'ambo alikuwa akifoka.

"Kosa ni langu," alisema. "Nitalisahihisha."

Akakata. Kisha akapiga nyumbani kwa dada yake.

"Dada, kaa chini kwanza."

Sindano alifunga zipu ya koti, akamsukuma Mkurugenzi mbele yake, akatoka nje kwenye jua bila kugeuka.