Goodness na Roho ya Upepo

Kila asubuhi Goodness alianza kazi tatu na kumaliza moja. Jumatatu moja aliinjika uji, akachukua ufagio afagie uani, mara akaona kuku wa jirani ameingia kwenye mchicha. Akamfukuza mpaka barabarani. Huko akasimama kutazama lori lililokuwa likipanda mlima taratibu kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, akajiuliza limebeba nini na dereva wake atakula wapi mchana. Harufu ya uji ulioungua ndiyo iliyomrudisha mbio.

“Uji tena, Goodness?” mama yake alisema huku akiepua sufuria.

“Samahani, mama. Nilikuwa nafagia.”

“Ufagio huu hapa. Wewe ulikuwa wapi?”

Goodness aliuokota ufagio. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na swali hilo aliulizwa kila siku. Mwaka huo alikuwa amepoteza sweta mbili, na kwa baridi ya Iringa sweta si kitu cha kupoteza. Mwalimu Andendekisye, mwalimu wake wa darasa, aliandika kwenye ripoti: “Ana akili nyingi, lakini hatulii.”

Jumapili moja Dada Benedicta, mwalimu wa shule ya Jumapili, alirudi kutoka semina akiwa na karatasi za maswali. Aliwaeleza watoto kwamba Mungu huwaumba watu kwa roho za aina nne: Mwamba, Moto, Maji na Upepo. Kila mtoto alijibu maswali ishirini. Goodness akawa Upepo.

“Mtu wa Upepo ana furaha na mawazo mengi,” Dada Benedicta alisoma. “Ila husahau, na huanza mambo asiyoyamaliza.”

Goodness alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemweleza alivyo bila kumgombeza. Alirudi nyumbani akiimba.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Darasani Mwalimu Andendekisye alipotafuta mtu wa kutunza daftari la mahudhurio, Adrian, aliyesali naye kanisa moja, alipaza sauti: “Asipewe Goodness, mwalimu! Yeye ni Upepo, litapeperuka!” Darasa zima likacheka. Goodness naye alicheka, lakini moyoni likaingia swali ambalo halikutaka kutoka. Kama Mungu ndiye aliyemuumba hivyo, je, atakuwa hivyo mpaka kufa?

Swali hilo lilikuwa bado linamsumbua Goodness wakati mama yake alipojiandaa kwenda Madibira, kwenye shamba lao la mpunga. Mavuno yangemchukua wiki mbili. Baba yao, mzee Bartholomeo, alikuwa fundi wa malori. Aliondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Na nyumbani kulikuwa na Frida, mdogo wake Goodness, mwenye miaka sita na ugonjwa wa kifafa. Frida alimeza kidonge asubuhi na jioni, na kwa sababu hiyo alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kuanguka.

Mama alichora jedwali kwenye daftari. “Kila ukimpa dawa, weka alama ya vema hapa. Asubuhi na jioni. Usiruke, mwanangu. Nakuamini.”

Goodness alitaka kusema, “Usiniamini, mama, mimi ni Upepo.” Lakini mama alikuwa tayari anafunga mzigo. Akasema tu, “Sawa, mama.”

Siku nne za kwanza zilikwenda vizuri. Siku ya tano, akiwa katikati ya somo la hisabati, Goodness alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Je, asubuhi alimpa Frida dawa? Alikumbuka kushika kikopo. Alikumbuka kumtafutia Frida kiatu cha kushoto. Kati ya kikopo na kiatu hakukumbuka kitu. Jioni alifungua daftari na kukuta nafasi ya asubuhi ni tupu.

Alisikia baba akivua viatu mlangoni. Mkono wake ukaweka alama ya vema kabla hajaamua.

Baba alitazama daftari kama alivyofanya kila jioni. “Safi kabisa, mama,” alimwambia Goodness, akimpapasa kichwa. “Umekua.”

Maneno hayo yalimuuma kuliko kofi. Aliapa kwamba hatasahau tena, kisha akasahau tena. Kadiri alivyoogopa, ndivyo mawazo yalivyozidi kumkimbia. Kufikia Jumanne ya wiki ya pili, alama nne kwenye daftari zilikuwa za uongo. Alimtazama Frida kila alipocheza, kila alipopiga chafya, kila aliponyamaza. Alipoomba, maneno yalikuwa yale yale: “Mungu, kwa nini hukuniumba Mwamba?”

Jumatano, baada ya shule, Frida alikuwa uani akicheza rede na Nusrat, mtoto wa jirani. Mpira ukarushwa. Frida hakuukwepa. Alisimama akitazama mbali, macho yamemganda, kisha akaanguka chini na mwili wake wote ukaanza kutikisika.

“Frida!”

Goodness alifika kabla ya mtu yeyote. Ajabu ni kwamba wakati huo kichwa chake hakikuwa na wazo jingine hata moja. Aliondoa mawe yaliyokuwa karibu, akavua sweta na kuiweka chini ya kichwa cha mdogo wake, akamlaza ubavu kama mama alivyomfundisha. Hakumtia kitu mdomoni. Mama Nusrat alitoka dukani kwake mbio, akampigia simu baba yao, akaita bajaji. Mtikisiko ulikoma, lakini njiani kuelekea hospitali Frida alishikwa tena.

Hospitalini walimpokea haraka, wakamchoma sindano, naye akatulia na kulala. Baba alifika na ovaroli yake yenye grisi, akiwa na daftari mkononi. Alikuwa amepitia nyumbani kulichukua. Daktari Asukile, daktari wa zamu, akamuuliza, “Mtoto amekosa dawa siku za karibuni?”

“Hapana, daktari. Hajakosa hata mara moja. Dada yake anaandika kila kitu, ona.”

Daktari alipitisha kidole kwenye alama. Akakunja uso. “Kama anameza kila siku na bado anaanguka mara mbili, basi dawa hii haimtoshi. Itabidi tumwongezee.” Akachukua kalamu.

Goodness alitazama ile kalamu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, Frida atapewa dawa nyingi kuliko anayoihitaji, kwa ajili ya alama nne za kalamu ya wino.

“Si kweli,” alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. “Si kweli, daktari. Alama nne ni za uongo. Nilisahau kumpa, nikaogopa, nikaweka vema.”

Baba aligeuka. Alizitazama upya zile alama. Daktari Asukile aliweka kalamu chini.

“Asante,” alisema. “Nilikuwa karibu kumwandikia mdogo wako dawa isiyomfaa. Sasa niambie, ilikuwaje ukasahau?”

“Mimi ni Upepo.” Machozi yalianza kumtoka. “Kanisani tuliambiwa. Mungu ameniumba nisahau. Siwezi kubadilika.”

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akamuuliza maswali mengi kwa upole. Je, hupoteza vitu? Tangu lini? Akisomewa habari ndefu, mawazo huenda wapi? Shuleni ni hivyo hivyo kama nyumbani? Goodness alijibu yote.

“Sitakupa jina la hali yako leo,” daktari alisema mwishowe. “Jambo hili halipimwi kwa dakika kumi. Nitamwandikia mwenzangu wa Mbeya anayeona watoto wenye shida kama hii. Mwende na mama, na barua ya mwalimu.”

Frida alirudishiwa dawa yake ile ile. Mama, aliyepigiwa simu, alirudi kutoka Madibira siku iliyofuata kabla mavuno hayajaisha, na baada ya wiki tatu yeye na Goodness walipanda basi kwenda Mbeya, wakafikia kwa mama mdogo huko Ilomba. Usiku kucha Goodness alijigeuza kitandani. Aliogopa wataambiwa kwamba ana wazimu.

Daktari wa Mbeya alisoma barua ya Mwalimu Andendekisye mara mbili, akazungumza na mama, akazungumza na Goodness peke yake, na siku ya pili akawaita wote.

“Goodness ana hali inayoitwa ADHD. Si wazimu, si uvivu, wala si laana. Ubongo wake unapata taabu kuchagua jambo moja na kuyaambia mengine yasubiri. Watoto wengi wanayo, na husaidika.” Alimgeukia mama. “Apewe kazi moja kwa wakati mmoja. Akae mbele darasani. Simu ilie kumkumbusha. Tutamfuatilia, na dawa tutaifikiria ikihitajika. Lakini dawa za mdogo wake zisimamiwe na mtu mzima. Huo ulikuwa mzigo mkubwa kwa mtoto yeyote.”

Mama aliinamisha kichwa. “Hapo tulikosea sisi,” alisema.

Waliporudi Iringa, Dada Benedicta alikuja kuwatembelea. Goodness alimuuliza jambo alilokuwa amelibeba njia nzima. “Kwa hiyo mimi si Upepo?”

Dada Benedicta alifikiri kabla ya kujibu. “Una furaha na mawazo mengi, hilo ni kweli, na ni zawadi. Lakini karatasi ile haikuweza kuona kila kitu. Mimi nilikwambia husahau, nikaishia hapo. Nilipaswa kuuliza tukusaidieje. Nisamehe.”

Goodness hakujua mtu mzima akiomba msamaha hujibiwa nini. Akamkumbatia.

Kazi haikuwa rahisi. Sasa baba ndiye aliyempa Frida dawa kabla ya kwenda gereji, na mama alimpa jioni. Goodness alikaa dawati la mbele, na bado siku nyingine mawazo yalimpita dirishani. Jioni moja alimwendea mama aliyekuwa akichambua mchele, akasimama mbele yake akiminya vidole.

“Mama, Mwalimu alinipa barua yako tangu juzi. Nimeisahau shuleni.”

Mama aliweka ungo chini. “Asante kwa kuniambia. Keti hapa.” Akamvuta karibu. “Sikiliza, mwanangu. Kusahau hakukuwa dhambi yako. Kilichotaka kutuulia Frida ni kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ulivyoumbwa si aibu, lakini pia si kisingizio. Ukishindwa, sema mapema, tushike pamoja.”

“Na nikisahau tena?”

“Utasahau tena,” mama alisema. “Na utatuambia tena.”