Alama Kabla ya Wimbo

"Uliandika kabla hajafungua mdomo!" Miwani alisema kwa mara ya tatu. "Niliona kwa macho yangu yote manne!"

"Basi yapunguze yawe mawili," Chiriku alimjibu, "labda utaacha kuchungulia karatasi za watu."

Walikuwa wamesimama pande mbili za meza ya kukatia nguo, katika chumba cha kushonea cha mama yake Chiriku. Kila Jumamosi asubuhi Chiriku aliokota pini sakafuni kwa sumaku huku mama akikata nguo. Leo binamu yake Miwani alikuja kumsaidia, lakini tangu aingie hakuwa ameokota hata pini moja. Alikuja na ugomvi wa jana.

Jana shule yao ilifanya shindano la kuimba. Waimbaji watatu bora wangeiwakilisha shule kwenye mashindano makubwa ya Jumamosi inayofuata. Waamuzi walikuwa mwalimu wa muziki, Miwani na Chiriku, na kila mmoja alitoa alama hadi kumi kwa kila mwimbaji. Mshindi wa kwanza na wa pili walijulikana wazi. Nafasi ya tatu ilimwangukia Kidoti, anayekaa dawati moja na Chiriku, kwa tofauti ya alama mbili tu dhidi ya aliyekuwa wa nne. Leo saa nne mwalimu angebandika majina kwenye ubao wa matangazo.

Mama alikuwa ameshapewa kazi ya kushona magauni matatu ya waimbaji. Mawili yalikuwa tayari yamekatwa. Kitambaa cha la tatu kilikuwa kimetandazwa mezani, kimechorwa kwa chaki vipimo vya Kidoti, na mkasi ulikuwa mkononi mwa mama. Aliposikia maneno ya Miwani, mkono ukasimama.

"Nani huyo aliyeandikiwa kabla hajaimba?" aliuliza.

"Mkaa," Chiriku alisema, akiangalia sumaku yake.

"Mkaa tunapikia. Mimi nauliza mtu."

"Yule mgeni aliyekuwa wa nne, mama. Binti wa mfyatua matofali."

Mama alimfahamu. Familia yake ilihamia mjini mwaka huo, pamoja na nyingine chache, kufanya kazi kwenye tanuri la matofali. Walikuwa watu wa jamii nyingine, weusi kuliko watu wote wa mtaa ule, na msichana huyo hakumaliza hata wiki moja shuleni kabla ya kubandikwa jina la Mkaa.

"Ulimpa ngapi?"

"Nne."

"Kwa nini nne?"

Chiriku alijikuna shingo. "Muda ulikuwa mfupi, mama. Nikaona nijaze mapema zile nafasi ambazo zinajulikana. Watu wa rangi ile wana sauti za kelele tu. Kila siku tunawasikia pale tanurini, wanaitana kutoka upande huu hadi ule utadhani kuna moto."

"Kuna moto, ndiyo. Ni tanuri," mama alisema. "Na wewe ungekuwa umebeba matofali, ungeita kwa kunong'ona? Haya. Kisha akaimba. Aliimbaje?"

Miwani, ambaye alikuwa na mengi ya kusema, safari hii alifunga mdomo akamwachia mwenyewe.

"Aliimba vizuri," Chiriku alisema polepole. "Vinyweleo vilinisimama. Lakini nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino. Ningefuta, karatasi ingechafuka."

"Na Kidoti?"

"Nilimpa tisa."

"Alikuwa na mafua!" Miwani alishindwa kuvumilia. "Alipiga chafya katikati ya ubeti, shangazi! Na hiyo tisa nayo iliandikwa mapema!"

"Sasa ndiyo niitwe mbaguzi?" Chiriku alipaza sauti, na machozi yalikuwa karibu. "Miwani ananiita mbaguzi wa rangi tangu jana. Mimi simchukii yule! Juzi nilimwazima hata kifutio."

Mama aliweka mkasi mezani, akavuta kigoda, akaketi. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Nisikilize. Mama yake huyo msichana aliingia humu mwezi uliopita, akataka kuona kitambaa cha gauni. Nilipoona rangi yake tu, nikasema moyoni: huyu hajui kitambaa kizuri. Hiyo ni dhana. Ilikuja bila hodi, kama nzi. Ningeifukuza, ingeishia hapo. Lakini nilifanya nini? Mkono wangu ukatoka, ukasukuma kitambaa kizuri chini ya meza, nikamtandikia kile kinachochujuka. Kumbe mwenzangu ni fundi, ameshona miaka mingi kuliko mimi. Alikigusa kwa vidole viwili, akasema ahsante, akaondoka. Hajarudi."

Chiriku alimtazama mama yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo wewe ulikuwa mbaguzi?"

"Siku ile, ndiyo. Dhana ilikuwa kichwani. Mkono ulipoitii, nikamnyima mtu haki yake kwa sababu ya rangi yake, ukawa ubaguzi wa rangi. Wala sikumchukia. Nilikuwa natabasamu kabisa! Wewe dhana yako uliipa kalamu. Kalamu ya mwamuzi, ambayo mwenzako hawezi kubishana nayo."

Chiriku alipangusa macho kwa kiganja. "Basi nitamwambia mwalimu abadilishe. Nitampa nane."

"Nane umeitoa wapi?"

"Ili... ili nimfidie."

"Hapo utakuwa unakisia tena, safari hii kwa huruma. Hakuomba huruma, aliingia shindanoni kupimwa. Kidoti naye mfupi, yule mrefu. Nikikata kitambaa hiki kwa kipimo cha Kidoti, hakirefuki tena hata ukilia mwezi mzima." Mama alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu. "Mkasi unakusubiri wewe. Amua."

Chiriku aliamua. Aliweka sumaku mezani, akatoka mbio, Miwani nyuma yake akishikilia miwani isidondoke.

Walimkuta mwalimu wa muziki kwenye baraza ya shule, ana pini mbili mdomoni na karatasi ya majina mkononi. Waimbaji wote walikuwa wamejikusanya mbele ya ubao. Kidoti alikuwa mbele kabisa. Binti wa mfyatua matofali alisimama nyuma, karibu na nguzo.

"Mwalimu, shikamoo. Tafadhali usibandike," Chiriku alisema akihema. Alitaka kumvuta mwalimu pembeni, lakini akakumbuka kwamba alama zile alizitoa mbele ya watu. Akasema pale pale: alama mbili alizoandika kabla ya wimbo, ile ya chini na ile ya juu, na kwa nini.

Mwalimu alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine.

Chiriku alimgeukia msichana aliyekuwa karibu na nguzo. "Samahani, Mkaa..."

"Mkaa si jina langu."

"Samahani. Kwa hilo pia."

"Nilikuona," msichana alisema bila kupandisha sauti. "Nilikuwa bado nawasalimia, wewe unaandika. Nikadhani labda ndivyo mnavyofanya hapa."

Chiriku angeona nafuu kama angetukanwa.

"Hatufanyi hivyo hapa," mwalimu alisema, "na tutaonyesha sasa hivi. Wawili hawa wataimba upya. Chiriku, leta kalamu yako. Leo wewe ni msikilizaji." Akamwita mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisahihisha madaftari ofisini na ambaye jana hakuwepo, achukue nafasi ya Chiriku. Kisha akatoa amri ambayo haikuwahi kusikika shuleni pale: waamuzi waweke kalamu sakafuni, na asiokote mtu mpaka wimbo uishe.

Kidoti aliimba kwanza. Mafua yalikuwa yamepungua, akaimba vizuri kuliko jana. Kisha akaimba binti wa mfyatua matofali. Alianza chini sana, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, akapanda taratibu bila kukwaruza popote. Wimbo ulipokwisha, mwalimu wa hesabu alisahau kuokota kalamu mpaka Miwani alipomgusa kiwiko.

Alama zilijumlishwa mbele ya wote: Kidoti ishirini na tatu, mwenzake ishirini na tano.

"Rafiki gani wewe?" Kidoti alimwambia Chiriku kwa uchungu, akageuka akaenda zake. Chiriku alijua itambidi amfuate baadaye, na kwamba hayatakuwa mazungumzo ya dakika moja.

Lakini kwanza alikuwa na kazi nyingine. Saa tano kasoro yeye na Miwani waliingia chumba cha kushonea wakiwa na mgeni.

Mama alichukua utepe wa kupimia shingoni mwake. "Karibu, mwanangu. Simama wima nikupime. Jina lako nani, niliandike?"

Msichana akalitaja. Mama akakata jina la Kidoti kwenye daftari la vipimo, akaandika hilo jipya kwa herufi kubwa, kisha akampima mabega, kifua na urefu. Chiriku alilisoma jina lile, akalirudia kimoyomoyo mara mbili.

"Mwambie mama yako nimekosa," mama alisema. "Aje tena. Kuna kitambaa sikumwonyesha."

Kisha akawageukia wote watatu. "Dhana humjia kila mtu, hata mimi niliyeota mvi. Huwezi kuizuia isipite kichwani, lakini usiipe kalamu wala mkasi. Masikio yasikie kwanza, utepe upime kwanza, ndipo mkono ufanye kazi."

Alifuta michoro ya zamani kwa tambara lenye maji, akachora mipya, mirefu zaidi, akakata.