Jina la Warda Mtamboni

Soko la samaki la Kilwa Masoko lilifurika asubuhi hiyo. Warda, dera lake la zambarau kalipandisha kidogo lisiguse magamba, alikuwa akipenya na ndoo ya barafu, mara kijana mwenye mabuti ya fundi akamkanyaga.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuja nayo, dada. Umenichukulia wewe."

Kijana huyo ndiye Rehani, mwangalizi wa mtambo wa umeme wa jua kule Kisiwani, ule unaowasha taa za kijiji na friza za Warda za kugandishia barafu. Wakapendana, wakapendana kwelikweli. Rehani kwa kunogewa akalifanya jina la Warda kuwa neno la siri la kompyuta inayogawa umeme. Hakukomea hapo. Akaweka picha yake kwenye stetasi ya simu, Warda kajitanda mtandio wa waridi, chini yake Rehani kaandika: "Warda, ufunguo wa mtambo wangu."

Basi adhuhuri moja umeme ukaanza vituko: unapanda, unashuka, taa zinakonyeza, friza zinatetemeka kama zina homa. Mtu asiyejulikana kaingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, anavuruga. Rehani akachomoa waya wa intaneti, akauendesha mtambo kwa mkono, swichi hii, swichi ile, mpaka umeme ukatulia. Barafu ikasalimika. Kisha akabadilisha neno la siri.

Moza, shoga yake Warda, aliyeyasikia kule mtamboni, akawahi kumpasha: "Mwenzangu, jina lako limefutwa mtamboni!"

Rehani alipopiga simu, Warda hakusalimu.

"Umemweka nani?"

"Sikwambii, laazizi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Hata mama aliyenizaa."

"Haya, kalale kwa huyo huyo." Akakata.

Alasiri Rehani akabisha hodi, kanzu nyeupe imepigwa pasi, chini mabuti yale yale ya kazi. Warda alitaka kununa, kicheko kikamtoroka.

"Jina lako Kilwa nzima wanalijua," Rehani akasema. "Ndipo mwizi alipopitia, na mlango nilimfungulia mimi. La sasa ni herufi na tarakimu nilizozikoroga tu, Warda. Halina macho wala nyusi."

"Na langu utalipeleka wapi?"

"Lako si la kufichwa. Nataka shehe alitaje msikitini, kila mtu asikie."

Warda akainamia friza kuficha uso. Akaibuka na barafu ya ukwaju, akampa.

"Mlete mshenga kwa baba. Na Rehani…"

"Naam, mpenzi?"

"Hili usiliweke stetasi kwanza."