Shemeji na Wimbo wa Ndani ya Tangi

Wembe wa kinyozi ulikuwa kooni mwangu nilipomsikia shemeji yangu redioni... akiimba wimbo wangu.

Niliruka. Jamani, hicho kidevu mnachokiona kwenye picha ya safu yangu hapo juu kina alama mpaka leo.

"Mzee, tulia, utachinjika," kinyozi akasema.

"Nishachinjwa."

Wimbo ule nilimtungia mke wangu nilipostaafu kazi ya kuchomelea vyuma. Nilimwimbia yeye peke yake, jikoni. Shemeji, mdogo wake wa kiume, akausikia dirishani, akaniwahi studio.

Nafika nyumbani, mama watoto kanuna kando ya redio.

"Kumbe ulikuwa unaniimbia wimbo wa mdogo wangu?"

"Nimeutunga mimi, mke wangu."

"Wewe? Wewe wa kuchomelea mageti?"

Akanipa mgongo.

Wasomaji wangu, kuibiwa ningevumilia. Lakini kuonekana mwongo mbele ya mke wangu mwenyewe... hapo ndipo roki iliponiingia.

Ndiyo, roki, muziki wa magitaa ya kelele. Mimi na mvi zangu.

Nikatafuta gitaa la umeme, nikajifungia kwenye tangi tupu la maji nililolichomelea mwenyewe, nyuma ya karakana, nikaanza kurekodi humo. Tangi liliunguruma mpaka kunguru wa mtaa mzima wakahama. Mmoja aliacha mayai.

Shemeji huyo, mbio, akachungulia kwenye tundu la tangi.

"Shem, hiki nini tena?"

"Kelele za mzee tu."

"Endelea, endelea, mimi napita tu."

Anapita, na simu mfukoni inarekodi. Niliiona taa yake ikiwaka. Nikaimba kwa kutamka vizuri, asije akapata taabu.

*Cheche iliruka, ikatua begani,*
*Kovu kama mwezi, nalibusu gizani.*

Haukupita muda, tukaalikwa ukumbini kwenye uzinduzi wa wimbo "wake" mpya. Mimi na mke wangu mstari wa mbele. Shemeji kavaa koti la ngozi, anarukaruka kama kakanyaga kaa la moto. Redio inarusha moja kwa moja.

Alipomaliza, mshereheshaji akamuuliza, "Wimbo huu ulikujaje?"

Akaweka mkono kifuani. "Ni mambo ya kweli kabisa. Yupo mwanamke mmoja... kovu lake nalijua mimi tu. Nimelibusu mara nyingi mno."

Mke wangu akashika bega lake.

Maana kovu ni lake. Cheche ya kazi yangu ilimrukia aliponiletea chai karakanani, ndoa yetu ikiwa bado mbichi. Liko pale nguo inapofunika. Tunalijua yeye na mimi, basi.

Akainuka. Akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti.

"Mdogo wangu... kovu langu umelibusia wapi?"



Shemeji akatazama bega la dada yake. Akanitazama mimi. Nikampungia mkono.

"Dada, usinielewe vibaya... wimbo ni wa shem. Hata ule wa kwanza ni wa shem. Mimi niliuiba tu, wallahi."

Redio ikayabeba yote.

Nikasimama nipokee makofi yangu.

"Na wewe kaa chini," mke wangu akasema, kipaza sauti bado mkononi. "Bega langu umelitangaza kwa watu wote hawa. Leo unalala kwenye tangi lako."

Nililala humo. Asubuhi nikasikia tangi linagongwa.

"Mtunzi," akaita. "Chai inapoa."

Basi nawausia: ukitaka kuiba wimbo wa mtu, uliza kwanza mwanamke aliyemo ndani ni nani. Huenda ni dada yako.