Upande wa Pili wa Kitanda

Miwani ya yule msaidizi haikuingia ukungu wa pumzi. Odette aliliona hilo tangu mwanzo, akalipuuza. Alikuwa amechoka. Nesi wa mkataba kama yeye hupelekwa kwenye wodi ya mahututi iliyoishiwa watu, na kabla hajazizoea sura za wenzake anafunga begi tena. Na hapa Dakota Kaskazini, mbali na kwao Louisiana, kila aliyeingia chumba cha karantini alivaa gauni la njano, barakoa na miwani. Angejuaje nani ni nani?

Mgonjwa wake, mzee Orrin Halvorson, mkulima wa ngano, alipumua kwa mashine na hakuwa amefumbua macho tangu aletwe. Asipofumbua hadi Ijumaa, binti yake Kirsten angekubali mashine izimwe. Kila baada ya saa mbili ilibidi ageuzwe asipate vidonda, kazi ya watu wawili. Kila Odette aliposhika shuka, mikono mingine ilikuwa tayari upande wa pili.

"Asante, mpenzi," alikuwa akisema kila mara, na chumba kikabaki na harufu ya nafaka iliyolowana.

Alhamisi mchana alimsifu yule msaidizi kwa Darlene, msimamizi wa zamu.

"Yule mrefu wenu hana maneno, ila ana nguvu za trekta."

"Mrefu gani?" Darlene akacheka. "Ninyi wa mkataba si mnalipwa kutuzidi? Tulidhani unamgeuza mwenyewe." Kicheko kikamkatikia. "Odette, hakuna anayeingia mle ila wewe."

"Usinitanie, dada."

"Sitanii. Nesi aliyekutangulia naye alimuulizia. Aliondoka bila koti, na theluji ile."

"Basi twende wote. Saa ya kumgeuza imefika."

Darlene akainamisha macho. "Nina wagonjwa wangu."

Odette akaenda peke yake, kwa sababu mzee hakuwa na mwingine, na mlango ulipojifunga nyuma yake aliiona ile mikono imekwisha shika shuka, glavu zake hazina hata kunyanzi, na chini ya gauni la njano kifua hakipandi wala hakishuki, huku mashine ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, na mwanga wa theluji dirishani ukimwonyesha wazi kwamba nyuma ya miwani ile hapakuwa na macho.

"Hatumgusi mgonjwa bila kumwambia sisi ni nani," akanong'ona. "Hata akiwa hajitambui. Mwambie jina lako."

Kile kitu kikainama sikioni pa mzee. Kikasema kwa sauti ya Odette, kwa lafudhi ileile ya kwao:

"Ni mimi Odette, bwana Orrin. Nesi wako."

Mzee akafumbua macho.

Kirsten alikuja mbio akilia na kucheka. Daktari akammulika mzee macho, akasema habari ya kuzima mashine imekwisha.

"Baba, kama unatusikia, tuonyeshe Odette! Odette yuko wapi?"

Odette akamshika mkono. Mzee alimtazama kama mtu asiyemjua, kisha taratibu akageuza macho upande wa pili wa kitanda, akaitikia kwa kichwa.

"Mbona anatazama kule? Hakuna mtu." Kirsten akauliza.

Odette alikuwa hoi, na mzee alikuwa hai.

"Mwache atazame," akasema. "Anapata nafuu."