Mume Wangu Aliniita Nikiwa Nimevaa Hedifoni

Nina miaka thelathini na tisa. Ni mjane mwenye watoto watatu, na kwa sasa nauza chakula Nyamongo, jirani na machimbo, ambako hakuna anayejua habari zangu. Niiteni Bhoke. Akina Bhoke huku kwetu ni wengi mno, kwa hiyo msihangaike kunitafuta.

Haya ninayowaandikia wasomaji wenzangu nimekaa nayo moyoni kwa muda mrefu. Najua wengine mtanitukana mkimaliza kusoma. Nitukaneni tu! Mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Niliolewa Machochwe, wilaya ya Serengeti, kwenye boma ambalo shamba lake limepakana na hifadhi. Mume wangu, Marwa, alikuwa mkulima. Mimi nilikuwa mpishi katika kambi ya watalii upande wa Robanda, wiki tatu kazini, wiki moja nyumbani. Napika vizuri, sijisifu, na ndiyo maana mwaka ule bosi aliniita akaniambia nimechaguliwa kwenda Ulaya kwenye maonyesho ya utalii, nikawapikie wageni chakula cha kwetu. Mimi! Ambaye ndege nilizoea kuziona zikitua kwenye uwanja wa vumbi, zikishusha wazungu na kuondoka zake!

Furaha yangu ilikuwa na kasoro moja. Tangu usichana nina ugonjwa wa kichwa kinachouma upande mmoja, na kinachokiamsha ni mvumo. Jenereta ya kambi ilikuwa adui yangu. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, aliponiona nimejishika kichwa siku moja alinivika hedifoni zake kubwa. Jamani... Jenereta nilikuwa naiona kabisa mbele yangu inatetemeka, lakini ilikuwa imenyamaza! Yule mama akaniambia kwenye ndege nitakaa saa nyingi nikisikia mvumo wa injini mbaya kuliko ule, nisithubutu kupanda bila kifaa cha namna hiyo.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa hedifoni. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawasha. Nikajua kuwa zile ndogo za kuchomeka masikioni ni nyepesi kubeba lakini zinaumiza ukizilalia. Nikajua kuwa zile za kufunika sikio lote ndizo zinazokata mvumo, ila nyingine zinabana kichwa, nyingine chaji inaisha njiani, nyingine hazina waya wa kuchomeka kwenye kiti cha ndege. Nilikuwa naongea habari hizo wakati wa kula, wakati wa kupalilia, hata kitandani. Marwa alichoka, akaniuliza, "Mama Gati, unakwenda kupanda ndege au unaolewa na redio?"

Tulicheka wote. Alikuwa mtu wa utani, mume wangu, na utani huo ndio ulionidanganya baadaye.

Duka lililokuwa nazo nililipata hapa hapa Nyamongo. Muuzaji alikuwa amebakiwa na aina mbili. Nyeusi zilikuwa na kitufe cha kuruhusu sauti za nje. Za kahawia hazikuwa nacho, lakini zilikata mvumo zaidi na hazikubana nywele zangu za kusuka.

"Dada, chukua nyeusi," aliniambia. "Mtu akikuita unabonyeza hapa, unamsikia bila kuvua."

Nilimcheka! Nikamuuliza, huko angani ataniita nani? Nikachukua za kahawia.

Niliporudi Machochwe nilikwenda nazo kwenye mashine ya kusaga, nikasimama ubavuni mwa injini huku nimezivaa, macho nimefumba, nikijifunza kuwa abiria. Wanawake waliopanga foleni na mahindi yao walicheka hadi wakashika mbavu. Sikuwasikia. Niliona meno tu.

Sasa ngoja niwaeleze jambo moja, maana asiyelima jirani na hifadhi hawezi kulijua. Mahindi yakikauka tembo wanakuja, na shamba hulindwa na watu wawili. Mmoja anatembea chini, mpakani. Mwingine anakaa juu ya dungu, yaani kile kibanda cha miti kilichoinuliwa, akiwa na debe la kupiga. Shamba letu linateremka hadi kwenye kijito, na sauti ya mtu aliye kule bondeni haivuki kilima. Kwa hiyo kazi ya aliye juu ni kuipokea sauti hiyo, apige yowe na debe, jirani asikie, naye aipeleke mbele.

Na kwetu yowe halina mjadala. Ukilisikia unaacha chakula, unaacha mgonjwa, unakimbia. Asiyeitikia yowe anahesabiwa kuwa ameshirikiana na kilichoua.

Zilibaki siku sita nisafiri. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado lina nguvu. Marwa alikuwa chini, mimi nikiwa juu ya dungu. Upepo ulivuma kwenye mahindi makavu, na kwa mbali mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Nikawaza, huu si ndio mvumo wenyewe? Ngoja nijaribu kidogo tu... Nikavaa hedifoni, nikafungulia kwaya.

Sijui ulikuwa wimbo wa pili au wa tatu. Marwa akatokea pembeni mwa mahindi, chini kabisa. Aliinua mikono yote miwili juu, akaipunga. Mdomo ulikuwa wazi. Akaipunga tena, akirukaruka.

Wasomaji wangu, nilifikiri ananitania! Nilifikiri anaigiza wanenguaji wa kwaya kwa sababu ameniona nina hedifoni. Nami nikampungia mkono. Nikatikisa na mabega, nikacheka peke yangu.

Akageuka, akaanza kukimbia kuelekea kushoto. Nyuma yake mahindi yakalala chini, mstari mzima, bila sauti yoyote. Kisha nikauona mgongo wa tembo.

Sitaandika nilichokikuta pale chini. Nitasema tu kwamba nilishuka na kukimbia umbali wote ule kwaya ikiendelea kuimba masikioni mwangu, na nilipozivua hedifoni tembo walikuwa wameshavuka kijito. Marwa alikuwa hanijibu. Hapo ndipo nilipopiga yowe.

Wa kwanza kufika alikuwa shemeji yangu Chacha, kaka yake Marwa, mkuki mkononi. Kabla hajafika nilikuwa nimeshazificha hedifoni kwenye kikapu changu nilichokiacha pale shambani, chini ya mboga za maboga. Hebu fikirieni mkono wa namna gani unaweza kukumbuka kuficha kitu wakati kama ule! Chacha alitazama mwili, akanitazama mimi.

"Shemeji, mbona yowe limechelewa hivi?"

"Nilipiga," nilisema. "Nilipiga mapema. Hakuna aliyekuja."

Ni hilo tu nililosema, na sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, na likishatoka ningelirudishaje? Watu walikuwa wanazidi kufika. Mmoja akauliza, jirani wa karibu ni nani? Wote wakageuka kumtazama Mzee Mwita.

Mzee Mwita ndiye mwenye boma lililo nyuma ya kilima. Msimu uliotangulia ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yetu, akagombana na Marwa mbele za watu. Siku ile alikuwa nyumbani anakamua. Alisema, "Mimi sikusikia yowe la kwanza. Nilisikia hili la pili, nikaja." Nani angemwamini? Mzee yule masikio yake yalikuwa yanasifiwa kijiji kizima. Wakasema alisikia akanyamaza, kwa sababu ya ule ugomvi.

Baada ya mazishi wazee waliketi kwenye iritongo, baraza letu la jadi. Niliulizwa mara moja tu, nikarudia uongo wangu huku nalia, na machozi yalikuwa ya kweli! Wakamtenga Mzee Mwita. Hakuna kumsalimia, hakuna kununua maziwa yake, hakuna kumsaidia kuvuna. Mimi nilipelekewa unga na kuni. Nilisifiwa kuwa ni mke aliyepiga kelele peke yake hadi mwisho.

Safari ilisogezwa mbele kwa ajili ya msiba. Baada ya miezi sita bosi alinisihi niende na kundi lingine, akisema itanipa faraja. Nikaenda. Nilikaa dirishani, ndege ikapaa, na ule mvumo niliouogopa ukaanza. Abiria wa pembeni yangu alivaa za kwake, akalala kama mtoto. Nami nikavaa zangu.

Mvumo ukakatika. Na kimya kilipokuja, Marwa alikuja nacho. Alisimama mbele yangu, mikono juu, mdomo wazi, haongei. Nilifumba macho, akabaki. Nilifumbua, akabaki! Nikazivua, nikazisukuma chini ya kiti, nikakaa usiku kucha na mchana wake kichwa kikipasuka. Maumivu yale niliyapokea. Kule Ulaya nilipika, nikapigwa picha, nikapewa cheti. Sikumbuki hata ladha ya chakula nilichokipika mwenyewe.

Niliporudi ilikuwa yapata miezi saba tangu kifo cha Marwa. Asubuhi moja, saa tatu, nikiwa naosha vyombo nje, nilisikia yowe likitoka nyuma ya kilima.

Lilikuwa la Mzee Mwita. Mke wake alikuwa ameanguka ghafla zizini.

Sikuwa na kitu masikioni safari hii. Nilisikia kila kitu, hadi sauti yake ilivyokuwa inakwaruza kwa uzee. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Majirani walitoka milangoni, wakatazamana. Chacha alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasema, "Mwacheni. Asiyeitikia yowe haitikiwi." Wakarudi ndani.

Nani peke yake katika kijiji kile alijua kwamba mzee yule hana kosa? Mimi. Na nilifanya nini? Nilisimama na sufuria mkononi, povu likinidondoka miguuni, hadi yowe likakoma. Niliogopa! Niliogopa kwamba nikikimbia wataniuliza kwa nini, na nikiulizwa nitasema.

Mzee Mwita alimpandisha mke wake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wawili peke yao. Hawakufika zahanati mama yule akiwa hai.

Kesho yake hakuna mwanamume aliyekwenda kuchimba kaburi. Nilimwona kutoka kilimani, mzee wa miaka sabini na kitu, amezama hadi kiunoni, anarusha udongo kidogo kidogo. Miguu yangu ilinipeleka. Nikasema, "Shikamoo, baba." Hakujibu. Alikuwa ameshasahau kwamba anaweza kusalimiwa.

Nikamwambia yote. Hedifoni, kwaya, jinsi nilivyompungia mume wangu mkono, kikapu, uongo. Nilimaliza, nikasubiri anipige kwa lile sepetu. Niliomba anipige.

"Kwa hiyo hukupiga yowe?" aliniuliza.

"Sikupiga."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, baba. Hadi alipokwisha kufa."

Akakaa chini kwenye udongo. Kisha akasema maneno ambayo nitazikwa nayo.

"Mama Gati, mimi nilishaanza kuamini kwamba nililisikia. Nimekaa miezi yote hii najiuliza. Labda nilisikia. Labda zile hasira za ng'ombe zilinikalia moyoni, nikanyamaza. Mke wangu alikuwa ananiambia kila siku, 'Mwita, hukusikia, tulikuwa wote.' Namwambia, wewe unajuaje moyo wangu? Amekufa sijamwamini."

Kisha akaniomba nimpokee sepetu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Nilichimba.

Siku ile ile nilikwenda kwa Chacha, naye akaita wazee. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema. Sitawaficha yaliyofuata. Ukoo wa mume wangu ulibaki na shamba na watoto, mimi nikaambiwa nitafute pa kwenda. Gati, binti yangu mkubwa, hapokei simu yangu. Aliwahi kupokea mara moja, akaniuliza kama ni kweli baba yake alikufa nikimcheka.

Dada zangu, kaka zangu, sisemi hedifoni ni mbaya. Anayesafiri kwa ndege na anunue, achague zisizombana, zenye chaji ya kutosha, na tafadhali achague zile zinazoruhusu sauti za nje. Avae akiwa amefunga mkanda kwenye kiti. Asivae mahali ambapo maisha ya mtu yanategemea masikio yake.

Lakini ningevumilia kuitwa mzembe. Mume wangu aliuawa na tembo na uzembe wangu, na Mungu anaujua udhaifu wa binadamu. Kilichomuua mke wa Mzee Mwita ni neno moja nililolisema ili nisiaibike. Je, wewe unayesoma, yupo mtu aliyebeba kosa lako? Kazini, nyumbani, kanisani? Nakusihi, nenda leo, hata kama utafukuzwa, hata kama wanao watakukataa. Usiseme atazoea, usiseme watu watasahau.

Mzee Mwita sasa anasalimiwa na kijiji kizima, na maziwa yake yananunuliwa hadi yanaisha. Wote wanamwamini. Yule aliyemwamini bila kuambiwa na mtu, nilimsaidia mzee kumfukia.