Aliyeitikia Amina

Kilichomshtua Minza kwanza ni ile Amina. Alikuwa akishukuru kwa chakula, mchana kweupe, na kabla hajamaliza mtu akaitikia nyuma ya ukuta, upande wa majaruba ya mpunga. Alitoka kuangalia. Hakukuwa na mtu, ila harufu ya tope bichi, na ng'ombe wa maziwa walikuwa wamejibana upande wa pili wa zizi.

Angemwambia nani? Mumewe, Masunga, alikuwa amekwenda mbali pamoja na mifugo mingine, akitafuta malisho. Tena jana tu binti yao, Violet, alikuwa ameamka mzima.

Ugonjwa wa Violet ulimchosha Minza mpaka akachoka na Mungu mwenyewe. Zahanati walitoa dawa, homa ikarudi. Kanisani walimwekea mikono, homa ikarudi. Wanakwaya wenzake wakamwambia mvumilivu hula mbivu, naye akatamani kuwapiga mwiko, kwa maana mtoto si ndizi. Alifunga, akalia, akaomba mpaka sauti ikakauka. Juu kukawa kimya, kama simu inayoita bila kupokelewa. Ndipo juzi, kwa hasira, akasimama mlangoni na kupaza sauti: "Basi yeyote anayesikia, awe nani, anijibu!"

Akajibiwa upesi mno.

Violet aliyeamka alikuwa wa baridi. Hakucheza, hakuita mama, alitafuna mchele mbichi akitazama ukuta. Minza akarudi kuomba, na kila alipofungua kinywa ile Amina ilimtangulia, kwanza nyuma ya ukuta, kisha kwenye uchaga wa vyombo, kisha chini ya kitanda, na harufu ya tope ikasogea nayo mpaka ikaingia kwenye shuka na kwenye maji ya kunywa, hadi adhuhuri moja alipogeuka katikati ya sala na kuona kwamba midomo iliyokuwa ikiitikia, kwa sauti ya mzee asiye na haraka, ilikuwa ya mwanawe.

Alikimbilia kwa mama mkwe wake, Holo, aliyekaa nyumba ya pili. Bibi huyo alikuja, akachungulia, akarudi kinyumenyume.

"Uliomba kwa nani?" alinong'ona.

"Kwa Mungu, mayu," alijibu Minza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Ulimtaja?"

"Nilisema yeyote anayesikia."

"Sisi hata wahenga tuliwaita kwa jina, fulani mwana wa fulani, ili asiyeitwa asisogee. Wewe umepiga yowe. Yowe halichagui. Anakuja jirani, anakuja na mwizi."

"Nimtoeje?"

"Aliyemkaribisha ndiye anayemtoa. Ila ujue, mwanangu, ataondoka na alicholeta."

Minza akaelewa: homa itarudi. Hasira ikamkaba, hasira ya kupewa na kunyang'anywa, na kwa hasira hiyohiyo akaingia ndani, akayashika mashavu ya baridi ya mtoto.

"Mungu wa Ibrahimu na Isaka na Yakobo," alisema, "nimekukasirikia, na bado nimekukasirikia, lakini nakuita wewe peke yako. Wewe mwingine sikukuita. Toka."

Kinywa cha Violet kikafunguka. "Uliniita," ilisema ile sauti. "Yeye alinyamaza."

"Ndiyo, alinyamaza. Toka hivyohivyo!"

Ng'ombe walilia zizini. Harufu ya tope ikapita mlangoni, nzito, ikaishia majarubani, na Violet akaanguka mikononi mwake akiwaka moto.

"Mama, kichwa kinauma."

Minza akalia kwa furaha, akajionea aibu kwa furaha hiyo. Holo alikuwa tayari barabarani akimpungia mkono dereva wa bodaboda, na dakika chache baadaye walikuwa njiani kwenda hospitali kubwa, mtoto kafungwa mgongoni kwa khanga.

Njiani aliomba tena, akimtaja Mungu kwa jina. Alipofika mwisho akanyamaza, akatega sikio huku nywele zimemsimama, akisubiri. Ulisikika upepo, na injini, na pumzi za moto za Violet shingoni mwake. Hakuna aliyeitikia, wala juu wala chini.

Minza akashusha pumzi, akasema Amina yeye mwenyewe.